Fomu ya kurasa nne inayojazwa steshenari: data ipite wapi kati ya ukurasa na ukurasa?

mchonga_kurasa:

Wakuu, habari za jioni.

Nimekabidhiwa mfumo wa maombi ya kujiunga na chuo kimoja binafsi. Ni PHP kavu, hakuna fremuweki, uko kwenye hosting ya kushea yenye cPanel (paneli ya kuisimamia). Aliyeutengeneza hapokei simu siku hizi. Fomu ina kurasa nne: taarifa binafsi, elimu, viambatisho, halafu malipo. Ukibonyeza "Endelea", data inasafiri hivi:

`hatua3.php?id=482&nida=19xxxxxxxxxxxxxxxxxx&simu=07xxxxxxxx&ada=30000`

Ukifika hatua ya nne, yote hayo yanarudiwa kama sehemu zilizofichwa ndani ya fomu, ada ikiwemo.

Bosi anasema tovuti ina kufuli la https, kwa hiyo hakuna anayeona kitu. Mimi roho haijatulia. Nihamishie kila kitu kwenye sesheni (kumbukumbu ya muda iliyoko kwenye seva) yaishe, au kuna namna nyingine? Mjue pia kwamba waombaji wengi hawajazi wenyewe. Wanaenda steshenari, kijana wa pale anawajazia, wanalipa chao wanaondoka.

Kibatari:

Mkuu, bosi wako yuko sahihi nusu. Https inafunika data ikiwa njiani. Ikishafika kwenye kivinjari au kwenye seva, kufuli limemaliza kazi yake.

Fanya jaribio dogo. Ingia cPanel, fungua Raw Access, yaani logi ya maombi yote yaliyofika kwenye seva, pakua faili la mwezi huu, lifungue kwa Notepad. Apache, programu ya seva, kwa kawaida inaandika anwani nzima iliyoombwa, pamoja na kila kilicho baada ya alama ya kuuliza. Utakuta namba za NIDA za waombaji zimejipanga mstari baada ya mstari, na simu zao pembeni. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Kwa hiyo humo kwenye faili una namba ya kitambulisho, umri na simu ya mtu, na yeyote mwenye paswedi ya hosting anaweza kulisoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022 na ilianza kutumika Mei 2023. Mwambie bosi ajiandae kuelezea hilo faili.

Upande wa pili ni historia ya kivinjari. Kompyuta ya steshenari inaikumbuka anwani hiyo nzima. Mteja anayefuata akianza kuandika jina la tovuti yenu, kivinjari kinamletea ya mwenzake aikamilishe.

Halafu hiyo `id=482`. Umejaribu kuweka 481?

mchonga_kurasa:

Nimejaribu sasa hivi. Imefungua fomu ya dada mmoja wa Singida, mpaka cheti cha kuzaliwa. Nimefunga haraka.

Kibatari:

Basi hilo ndilo la kwanza, kabla hujagusa kitu kingine chochote. Na msidhani ni mambo ya vyuo vidogo. Citigroup mwaka 2011 walichukuliwa taarifa za wateja zaidi ya 360,000 wa kadi, na mbinu ilikuwa kuingia kihalali kisha kubadilisha namba ya akaunti kwenye anwani. Mwaka 2019 First American, kampuni kubwa ya hati za nyumba Marekani, ilikutwa imeacha nyaraka takriban milioni 885 zinafunguka kwa kubadilisha namba tu. Hakuna aliyevunja mlango pale. OWASP, shirika la usalama wa programu za wavuti, walipotoa orodha yao ya 2021, udhaifu wa namna hii ndio waliouweka namba moja.

Kila ukurasa unaofungua fomu ya mtu lazima uulize: huyu aliyeomba ndiye mwenye fomu hii? Kuficha namba hakujibu hilo swali.

jobless_milionea:

Badilisheni GET (data kwenye anwani) iwe POST (data ndani ya ombi) basi, mbona mnaandika gazeti zima.

Kibatari:

POST itaondoa data kwenye anwani na kwenye logi, hilo nakupa. Lakini ile ada=30000 bado iko kwenye mashine ya mteja. Bonyeza F12 uone msimbo wa ukurasa, tafuta sehemu iliyofichwa, futa sifuri mbili, tuma. Seva inapokea 300 na kumshukuru mteja.

Ada haitakiwi kutoka kwa mteja hata siku moja. Mteja achague kozi tu. Bei anaijua seva.

Bi_Nukta:

Nimeweka kambi tangu jana, sasa niseme na mimi.

Sesheni inafanya kazi kama kaunta ya mizigo kwenye supamaketi: unaacha begi lako, unapewa kibati chenye namba, begi linabaki kwao. Kibati hakisemi ndani ya begi kuna nini. Kwenye PHP kibati ni kuki ya PHPSESSID (kuki ni kipande kidogo cha data kinachokaa kwenye kivinjari), na begi ni `$_SESSION` iliyoko kwenye seva. Kuki zenyewe zilibuniwa na Lou Montulli akiwa Netscape mwaka 1994, kwa sababu HTTP haina kumbukumbu. Kila ombi kwake ni mgeni mpya.

Ubaya wake ni kwamba anayeshika kibati ndiye anayepewa begi. Oktoba 2010 Eric Butler alitoa kiongezi cha Firefox kilichoitwa Firesheep. Enzi hizo ukikaa kwenye wifi ya wazi kilikuwa kinakuorodheshea watu waliomo, unabonyeza jina, unaingia kwenye akaunti yao. Hakikuiba paswedi ya mtu, kilichukua kuki tu. Kwa hiyo kabla ya `session_start()` weka haya:

`session_set_cookie_params(['secure' => true, 'httponly' => true, 'samesite' => 'Lax']);`
`ini_set('session.use_strict_mode', '1');`

La kwanza, kuki isisafiri nje ya https. La pili, JavaScript isiisome. La tatu, fomu iliyopandwa kwenye tovuti ya mtu mwingine isiweze kutuma POST kwako ikiwa na kuki ya mteja wako. Strict mode inakataa namba ya sesheni ambayo seva haikuitoa yenyewe, maana kuna watu wanakutengenezea namba, wanakutumia linki, unaingia nayo, kisha nao wanaingia nyuma yako. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu akishathibitishwa piga `session_regenerate_id(true)`. Namba ya sesheni kupita kwenye anwani ni ushamba wa zamani, PHP 8.4 yenyewe imeanza kuukemea.

Na kwa kuwa uko hosting ya kushea: angalia mafaili ya sesheni yanakaa wapi. Kama ni `/tmp` ya wote, tengeneza folda yako nje ya public_html (folda inayofunguka mtandaoni) na uielekeze huko kwa `session_save_path()`.

Ukifanya hayo, umemaliza.

mzee_wa_fotokopi:

Samahani wataalamu. Mimi siyo mtu wa kompyuta kwa kusomea, nina steshenari yangu jirani na stendi na nimejazia watu fomu za kila aina. Dada Nukta umeongea vizuri ila hapo kwenye "umemaliza" sijui.

Msimu wa maombi nakuwa na foleni. Sijazi mmoja mpaka mwisho. Huyu namfungulia, anaambiwa hana picha ya pasipoti saizi, naenda kumpiga picha. Huku nyuma nafungua tabu nyingine namuanzishia mwingine. Wa tatu yuko hatua ya malipo anasubiri nduguye amtumie hela. Tabu tatu, watu watatu, kivinjari kimoja.

Kuna mfumo mmoja, siutaji, ulinifanyia hivi: nilimaliza fomu ya kijana wa kiume, fomu ikatoka na jina lake, matokeo ya kidato cha nne ya binti aliyekuwa tabu ya pili. Hatukujua mpaka barua zimetoka. Kijana alirudi akiwa amebadilika rangi.

Na lile la kuandika namba ya simu: nikiandika 07 tu, inashuka orodha ya namba za wateja wote wa wiki nzima. Mteja amekaa pembeni yangu anazisoma.

Kivinjari sifungi. Nikifunga nitaanza upya kila kitu. Kinakaa wazi kuanzia asubuhi mpaka Tanesco wakiamua.

Bi_Nukta:

Mzee, shikamoo. Umenirudisha darasani.

Hilo la tabu ni kweli kabisa, na vitabu vyetu vingi havilisemi kwa sababu vimeandikwa vikimfikiria mtu mmoja na laptop yake. Kuki ni ya kivinjari kizima. Tabu zote tatu zina kibati kimoja na begi moja. Binti akiandika `$_SESSION['matokeo']`, ya kijana yamefutika. Hapo hakuna mdukuzi hata mmoja, na data za watu zimeshachanganyika.

Kwa hiyo @mchonga_kurasa, narekebisha. Usimwage data moja kwa moja kwenye `$_SESSION`. Kila fomu inapoanza, ipe droo yake ndani ya begi na ufunguo wake:

`$f = bin2hex(random_bytes(16));`
`$_SESSION['maombi'][$f] = ['hatua' => 1];`

Ufunguo huo ndio unaosafiri kutoka ukurasa hadi ukurasa, `hatua2.php?f=...`, na ndani ya fomu kama sehemu iliyofichwa. Seva ikiupokea inaangalia: upo ndani ya sesheni ya huyu? Haupo, mrudishe mwanzo. Upo, fungua droo hiyo tu. Tabu tatu, droo tatu. Hata mtu akiinakili linki na kuirusha kwenye grupu la WhatsApp, huko hakuna atakayeona kitu, kwa sababu ufunguo bila kuki ya kivinjari kile haufungui chochote. Ile 482 inabaki ndani ya hifadhidata, mteja haihitaji.

Juu ya hapo, kila fomu iwe na tokeni yake ya siri isiyopita kwenye anwani, uilinganishe kwa `hash_equals()` kabla ya kupokea POST. Samesite pekee usiiegemee.

Weka pia jina la mwombaji juu ya kila ukurasa, kwa herufi kubwa. "UNAJAZA FOMU YA: ..." Mzee ataona kabla seva haijaona.

Orodha ya simu: weka `autocomplete="off"` kwenye NIDA, simu na tarehe ya kuzaliwa. Kwenye sehemu za paswedi vivinjari vinaidharau amri hiyo, lakini kwa sehemu za kawaida kama hizi kwa kiasi kikubwa vinaisikiliza.

mzee_wa_fotokopi:

Marahaba. Hilo la jina juu ungelianza nalo.

Kibatari:

Nakazia kwa upande wa kivinjari kisichofungwa. Kuki ya sesheni inatakiwa ife kivinjari kikifungwa, lakini kwa mzee hakifungwi. Na hata kikifungwa, Chrome ikiwa imewekwa kuendelea pale ulipoishia, inazirudisha kuki hizo zikiwa hai. Kwa hiyo muda wa kuisha usimamiwe na seva. Andika wakati wa tendo la mwisho ndani ya kila droo, mtu akikaa kimya kupita muda uliopanga, futa droo.

Kitufe cha "Nimemaliza" kiwe kikubwa, na kifute droo kweli. Kwa maofisa wanaoingia kwa paswedi, `session_destroy()` peke yake haitoshi, inaacha kuki kwenye kivinjari na `$_SESSION` bado ina vitu mpaka ukurasa uishe. Safisha `$_SESSION`, ua kuki, ndipo uvunje sesheni.

Kuhusu kitufe cha kurudi nyuma: PHP ikianzisha sesheni yenyewe hutuma `Cache-Control: no-store`, amri ya kukiambia kivinjari kisitunze ukurasa, pamoja na ile tarehe ya 1981 mnayoionaga kwenye heda mkashangaa. Angalia tu kama aliyekutangulia hakuizima.

mkwawa_wa_data:

Mie nachomekea dogo. Jaribu fomu yako kwa jina Ng'wandu.

Kwa mifumo ya aina hii nimeona mara nyingi: ukurasa wa pili anaitwa Ng'wandu, wa tatu anaitwa Ng. Sababu ni `value='...'` kwa nukuu moja. Ile alama ndani ya ng' inafunga nukuu kabla ya wakati, kilichobaki kinamwagika ndani ya HTML kama taka. Kama taka hiyo imeandikwa na mtu mwenye nia mbaya, ni msimbo wake unaoendeshwa kwenye kompyuta ya ofisa wa udahili. MySpace mwaka 2005 Samy Kamkar aliweka kitu cha namna hiyo kwenye wasifu wake, na ndani ya masaa yasiyofika 20 akawa rafiki wa watu zaidi ya milioni moja.

Tumia `htmlspecialchars()`, lakini angalia toleo. Kabla ya PHP 8.1 kwa chaguo-msingi iligeuza nukuu mbili tu na kuacha ile moja. Kwenye hosting za bei poa bado mnakuta 7.4, kwa hiyo andika `ENT_QUOTES` mwenyewe. Kwenye hifadhidata tumia PDO yenye prepare (amri na data vinatumwa kando), usiunganishe maneno kwa nukta.

Data ikikaa kwenye sesheni haitakati kwa sababu imekaa kwenye sesheni. Alichoandika mtu ukurasa wa kwanza ni kile kile ukurasa wa nne. Wasukuma tumeteseka vya kutosha.

wa_Nyali:

Niko Mombasa, huku nafanya sana mambo ya malipo, nimeona hakuna aliyegusa hatua ya nne.

Kwa M-Pesa ya huku kupitia Daraja (huduma ya Safaricom ya kuunganisha mifumo): unatuma STK push, yaani ombi la malipo linalotokea kwa simu ya mteja, unapata `CheckoutRequestID`. Mteja anaweka PIN kwa simu yake. Jibu linakuja kwa callback yako (anwani kwa seva yako ya kupokea majibu) kutoka seva ya Safaricom, halipiti kwa kivinjari cha mteja. Sasa wengi wanaandika `session_start()` kwa callback.php halafu wanashangaa mbona `$_SESSION` iko tupu. Itakuwaje na kitu? Hiyo seva haina kuki ya mteja wako. Hifadhi `CheckoutRequestID` kwa hifadhidata kando ya ombi, callback ikija uitafute kwa hiyo, uhakikishe `ResultCode` ni 0 na kiasi kilicholipwa ni kile seva yako ilitarajia. Callback pia inaweza kughushiwa na mtu aliyejua anwani yake, basi ulizia hali ya malipo wewe mwenyewe kabla ya kutoa risiti. Kwa mitandao ya Bongo majina yatakuwa mengine, mantiki ni ile ile.

Kadi ndizo zina kichekesho. Benki ikimaliza kumthibitisha mteja, mara nyingi inamrudisha kwako kwa POST kutoka tovuti yao. Kuki yako ya Lax haiendi na POST ya namna hiyo. Mteja amelipa, anatua kwako, unamwambia "tafadhali anza upya". Na kama hukuandika samesite kabisa, Chrome tangu 2020 inaihesabu kama Lax lakini inaacha mwanya wa dakika 2 kwa kuki mpya. Kwa hivyo wewe mwenyewe ukijaribu na kadi yako uliyoikariri, inapita. Mama anayetafuta miwani asome namba za nyuma ya kadi, haipiti. Utasaka hiyo hitilafu mpaka uchoke.

Suluhisho langu: ukurasa unaopokea ile POST usitegemee sesheni. Usome kumbukumbu ya malipo, uthibitishe na mfumo wa malipo, halafu utoe ukurasa mdogo unaompeleka mteja mbele ndani ya tovuti yako mwenyewe. Kuanzia hapo kuki inakuja. Msikimbilie `SameSite=None`, inayoruhusu kuki kwenda na ombi la tovuti yoyote, kwa kuki kuu.

Na `?status=success` kwenye anwani ya kurudi ni mapambo. Mtu yeyote anaweza kuiandika.

mchonga_kurasa:

Wakuu mmenifungua. Maswali mawili ya mwisho. Viambatisho navyo viingie kwenye sesheni? Na wakijaza nusu bando likakata, wakirudi baada ya nusu saa wanaambiwa waanze upya.

Bi_Nukta:

Faili haliwezi kukaa kwenye sesheni. PHP hufuta faili la muda ombi likiisha, kwa hiyo papo hapo lihamishe kwa `move_uploaded_file()` kwenda folda nje ya public_html, ulipe jina la kubahatisha ulilotengeneza wewe. Ndani ya droo weka jina hilo tu.

La nusu saa: kwa chaguo-msingi PHP inahesabu sesheni kuwa taka baada ya sekunde 1440, yaani dakika 24. Ukishea folda ya sesheni na wengine, jirani aliyejiwekea muda mfupi zaidi anaweza kufagia na zako. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwa na folda yako.

Ila usirefushe sesheni iwe siku nzima kwa ajili ya bando, utamuumiza mzee na wateja wake. Kila hatua ikikamilika ihifadhi kwenye hifadhidata kama rasimu. Akitaka kurudi, aandike namba ya rejea, na seva itume msimbo kwa SMS kwenye simu ya mwombaji. Namba ya rejea pekee isifungue, vinginevyo umerudi kwenye 482.

Na ukimhamisha mtu kwa `header('Location: ...', true, 303)`, mstari unaofuata uwe `exit;`. Bila hiyo PHP inaendelea kutekeleza vya chini kana kwamba hujamhamisha mtu.

mzee_wa_fotokopi:

Huo msimbo wa SMS uende kwa mwombaji kweli, siyo kwangu. Wateja wengine wanasema "andika yako tu mzee". Nina maombi ya watu kwenye simu yangu mpaka nimesahau ni ya nani.

Bi_Nukta:

Andika chini ya kisanduku: "Weka simu ya mwombaji mwenyewe. Majibu yatatumwa hapa." Na simu moja ikitokea kwenye maombi matatu, ofisi ipewe taarifa.

mchonga_kurasa:

Nimeshaanza. Leo nimefunga lile tundu la `id` kwa kulazimisha droo ya sesheni, ada nimeiondoa kwenye fomu, inatoka kwenye jedwali la kozi. Bosi nimemfungulia faili la logi, ameangalia mistari kama kumi hivi akaniuliza kama linaweza kufutwa. Zile za miezi ya nyuma ziko wapi?

Kibatari:

Kwenye cPanel hiyo hiyo, Raw Access, kuna kisanduku cha kuhifadhi logi kwenye folda yako kila mwezi. Kama aliyekutangulia alikitiki, utazikuta kwenye folda inayoitwa `logs` zikiwa zimebanwa kwa gz. Angalia pia kama kuna nakala rudufu za akaunti nzima zilizoachwa ndani ya public_html, mafundi wana tabia hiyo. Ila usifute kitu kabla hujapitia logi za ile `hatua3.php` ukaona kama kuna anwani moja ya IP iliyofungua id nyingi kwa mfululizo. Ikiwepo, hilo siyo la kumaliza wewe na bosi wawili, itabidi mwanasheria wa chuo aitwe.

mchonga_kurasa:

Ngoja nizipakue. Narudi.